Picha Yako Ilikuwa Bado Ndani ya Kamera

Papa Esperance,

Leo ni Jumapili, saa nane mchana. Nimetoka misa ya pili, nimekula, nimelala kidogo, na nimeamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Kwa hiyo nimekuja studio, nimefunga mlango kwa ndani mtu asidhani tunafanya kazi, nami nakuandikia. Ungecheka kuona Kiswahili hiki. Ni kile cha shule, kile ulichokiita Kiswahili cha redio. Mdomoni bado naongea chetu cha Bukavu, ila kalamu haikijui.

Huu ni mwezi wa nne tangu uondoke. Sikukuzika. Wanaonijua hapa Kamembe, upande huu wa Rwanda, wananiambia pole, halafu kabla hawajaachia mkono wananiuliza kama Jumamosi nina nafasi. Ninayo. Jumamosi ninayo kila mara. Nimepiga picha za harusi tisa tangu ulale, na ubatizo ambao sikumbuki idadi yake, na sherehe moja ya shule ambapo jua lilitupiga mpaka mkurugenzi akakaa chini. Narudi nyumbani, mwanangu Aline ananivua viatu kama mimi ndiye mtoto. Yeye ndiye mtoto, Papa, lakini sasa ananivua viatu.

Flashi nimeiweka juu ya mguu wa chuma. Upepo ukipanda kutoka ziwani unauangusha. Ulianguka Nkanka katikati ya wimbo, ulianguka hapa hapa Kamembe juu ya keki. Siku nyingine namwomba mtu wa familia anishikie. Shangazi wa bibi harusi anaishika kama anamwagilia mboga, dakika kumi hazijaisha mkono umeshuka, mwanga unapiga viatu vya watu. Mkono wako haukushuka. Ulikuwa na miaka sitini na nane na mkono wako haukushuka.

Na hakuna anayeniitia hatua. Hilo ndilo linanichosha zaidi ya yote. Nasimama na kamera, nasubiri kusikia "Tatu!", halafu nakumbuka. Naiweka kamera shingoni, natembea mpaka kwenye flashi, nahesabu mwenyewe kutoka flashi mpaka kwa mtu, narudi, nafungua lenzi kwenye namba nane, kiasi cha mwanga wa hatua tatu. Mpaka nirudi mtu ameshahama.

Nakumbuka nilivyokuja kwako mara ya kwanza nikinuka sambaza. Nilikuwa navusha hao samaki wakavu wadogo kwenda Bukavu, nikihitaji picha ndogo za karatasi ya mpakani. Uliniweka kwenye kile kiti kirefu, ukaniangalia, ukasema, "Maman, ukae sawa. Hapa hauko soko." Nilikasirika. Lakini nilikuona ukiinua ile kamera ya chuma, nikashangaa: jicho lako halikuwa nyuma ya lenzi, lilikuwa pembeni, kwenye kidirisha kidogo. Nilikuuliza kama kamera yako imeharibika. Mtu mwingine angenifukuza. Wewe ulinipa niangalie.

Katikati ya kile kidirisha kulikuwa na kidoa cha mwanga, na ndani yake mlinzi wa duka la mbele alikuwa wawili, mmoja hapa, mwenzake amesogea kidogo kama mzimu. Ulishika kidole changu ukakiweka kwenye lenzi. "Zungusha polepole. Benyewe babili, unabakutanisha. Bakikuwa mumoja, njo unapiga." Nikazungusha. Wale wawili wakaingiana, wakawa mlinzi mmoja anayekula muhogo. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, mgongo ulishaanza kukataa mizigo, na tangu utoto wangu kule Bukavu hakuna aliyewahi kunionyesha kitu kwa sababu tu niliuliza.

Wiki ileile nilirudi kuuliza kama unahitaji mtu wa kufagia. Ulisema studio hii haina vumbi, ina mawazo. Nilifagia hata hivyo.

Ulinifundisha filimu, ukaniacha nijifunze mwenyewe kamera ya kisasa, ile yenye kioo ndani na kadi, kwa sababu wateja wa harusi wanataka picha mia nane kesho asubuhi. Lakini picha kubwa ya familia, ile inayotundikwa sebuleni mpaka wajukuu waikute, hiyo uliipiga mwenyewe kwa filimu nyeusi na nyeupe, kwa kamera yako ya dirisha la pembeni, na flashi mbali na kamera. Hukupenda flashi ikae juu ya kamera. Ulisema inafanya kila mtu afanane na picha ya polisi. Kwa hiyo kulikuwa na ile kamba nyeusi, mita tano, kutoka kamera mpaka flashi, nami kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu "pole, kuna kamba", "pole, kuna kamba", mpaka siku ya ubatizo pale parokiani ambapo mama wa ubatizo alijikwaa, akaanguka na mtoto mikononi. Mtoto hakuumia. Mama wa ubatizo alilia kwa ajili ya gauni.

Ndipo nikavuka Bukavu, nikaleta vile visanduku viwili vya redio. Kimoja unakiweka juu ya kamera, kingine chini ya flashi. Ukibonyeza, kimoja kinamwita mwenzake, flashi inapiga, na katikati hakuna kamba. Niliviweka mezani kwako nikiwa na furaha kama mtu aliyeleta nyama. Hukuvigusa. Ulivitazama, ukasema:

"Mwangaza hauna kamba ni sawa mbuzi hauna kamba. Itakula shamba ya batu."

Na wiki ya kwanza mbuzi alikula shamba kweli. Picha zote za jubilei ya wale walimu zilitoka nusu, juu watu, chini giza kama mtu amemwaga wino. Ulifurahi, usikatae! Uliziweka dirishani wapita njia wazione. Mpaka ulipoona mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimegeuza gurudumu la kasi, nikapita ile namba yenye alama nyekundu. Kwenye kamera yako, ukipita ile nyekundu, pazia la ndani halifunguki lote kwa mara moja, flashi inakuta nusu bado imefungwa. Ungeweza kuniambia. Ulichukua rangi ya kucha ya binti yako Esperance, ukapaka tone jekundu juu ya gurudumu, tone kubwa, baya. Bado lipo. Limebanduka kidogo.

Baada ya hapo ulivikubali vile visanduku, ila hukukiri. Ulisema, "Tunajaribu tu." Tulijaribu miaka mitatu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo limenifanya nifunge mlango.

Nilijua macho yako yanakwisha. Nilijua miezi sita kabla ya wale watu wa harusi ya Gashonga. Niliona ukizungusha lenzi, ukiirudisha, ukizungusha tena, ukisubiri wale wawili wawe mmoja, nao hawawi. Kwenye jicho lako la kulia kulikuwa na ukungu, angeuona mtu yeyote aliyesimama karibu. Nilikuona ukipima kwa hatua na kuweka lenzi kwa namba zake, bila kuamini dirisha. Ulikuwa na akili, mara nyingi ulipata. Na mimi nilinyamaza. Nilijiambia nakuheshimu. Si kweli. Niliogopa ungeacha, halafu ningebaki na mzigo wote peke yangu. Nilikuwa nimechoka hata wakati ule.

Harusi ya Gashonga ulipiga picha ya familia, watu ishirini na sita mbele ya migomba, babu katikati na fimbo yake. Picha ikatoka laini. Migomba ya nyuma ilikuwa safi, kila jani ungelihesabu, na watu wote mbele walikuwa kama wamelowa. Baba wa bibi harusi alikuja studio na kaka zake wawili na mama mmoja aliyekuwa anaongea kwa wote. Aliiweka picha mezani. Hakupiga kelele, angalau yeye. Alikuuliza tu, "Mzee, hii ni nini?"

Ukasema ni redio. Ukasema hivi visanduku vya Maman Aline vinasumbua kamera.

Papa, ungesema chochote kingine. Ungesema filimu, ungesema dawa. Ulisema visanduku vyangu, nami nikajibu mbele yao wote, na sauti yangu naisikia mpaka leo:

"Si redio. Ni macho ya Mzee. Haoni tena. Miezi sita sasa iko anakisia."

Yule mama anayeongea kwa wote akaichukua picha mezani, akaiweka tena. Mmoja wa wale kaka akaangalia viatu vyake. Wewe ulichukua kitambaa, ukafuta lenzi ambayo haikuwa na kitu. Ukawaambia utarudi Gashonga kuwapiga upya, na babu avae koti lilelile. Wakakubali, wakaaga vizuri, wakaenda.

Nilingoja unitukane. Ulivua mkanda wa kamera shingoni, ukanivisha mimi kama mtu anavyomvisha mtoto skafu, ukasema, "Sasa weye njo utaona. Mie nitashika taa."

Tulirudi Gashonga Jumapili iliyofuata kwa pikipiki mbili. Ulisimama kwenye jua na flashi mkononi, ukahesabu hatua kutoka kwako mpaka kwa babu, ukapaza sauti "Tatu!", mimi nikaweka nane. Ulisogea. "Mbili na nusu!" Nikafunga kidogo. Watu ishirini na sita, na mwalimu wangu amesimama pembeni kama mguu wa chuma. Picha ilitoka vizuri mno. Niliichukia.

Miaka miwili ulinishikia taa. Nilikuwa nikijiambia unafurahi, kwa sababu ulikuwa unaimba, ukitania watu, ukiwaambia mabibi harusi wasitabasamu kama wanauza sabuni. Sasa kwa kuwa hakuna kamba uliweza kwenda popote: nyuma ya mlango, juu ya kiti, nje ya dirisha kwenye mvua na mfuko wa plastiki juu ya flashi. Ulijua mwanga utaangukia wapi hata kama hukuiona sura inayoangukiwa. Nami kila jioni nilikuwa na sentensi moja mdomoni, niliyoiandaa, nikawa nasema badala yake, "Papa, kesho tunaanza saa tatu."

Halafu ukaanza kushindwa kupanda mteremko wa soko. Ulisema ni tension, presha tu, ulisema ni nyanya ulizokula, ulisema ni mambo ya uzee. Kazi yetu ya mwisho ilikuwa Nkanka, kwa yule mukecuru Veneranda, bibi ambaye watoto wake walitaka picha yake moja nzuri kwa sababu ametimiza miaka mingi na hakuna anayeijua idadi, yeye mwenyewe kwanza. Unakumbuka. Tulimketisha kwenye ukuta uliopakwa chokaa, uso kuelekea ziwa. Kitambaa chake cha kichwani kilikuwa cha maua makubwa na kilikuwa kinateleza. Kila nikitaka kupiga kinateleza. Ulichoka kungoja, ukaingia mwenyewe kukitengeneza, mkono mmoja kwenye kitambaa, mkono mwingine bado umeshika flashi. Akakuuliza kitu. Baadaye uliniambia alikuuliza kama umeoa. Nami wakati uleule kidole changu kilibonyeza.

Nilikukaripia. "Papa, umeingia!" Filimu ni ghali, sivyo, nami nilikuwa na njaa. Nilikukaripia kama mtoto.

Siku nne baadaye ulivuka kwenda kwa Esperance, ili daktari wa Bukavu akuone. Ulibeba mfuko mdogo. Ulisema utarudi Ijumaa. Tuliagana pale juu, mbele ya duka la unga, kwa sababu nilikuwa na mteja. Hata mpakani sikukusindikiza.

Kisha mpaka ukafungwa, na Ijumaa ikapita, na ile iliyofuata. Ulinipigia mara tatu. Mtandao ulikuwa mbaya. Mara ya mwisho uliniuliza kama nimekausha vile vitambaa vya lenzi. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimevikausha.

Esperance alinipigia Alhamisi asubuhi. Sikusikia maneno, nilisikia namna alivyovuta pumzi, nikajua. Nilikaa chini sakafuni, hapa, mbele ya kaunta. Mteja mmoja aliingia, akaniona, akatoka taratibu, Mungu ambariki.

Saa moja baadaye akapiga tena. Sauti yake ilikuwa kavu sasa, ya mtu mwenye kazi za kufanya. Wanakuzika Jumamosi, na mpaka bado umefungwa. Jeneza lipo, kwaya ipo. Akasema, "Maman Aline, foto. Hatuna foto yake." Nilidhani sijasikia. Akarudia. Wanayo ile ya kitambulisho tu, ya zamani, na shangazi zake wamesema wakiitanguliza mbele ya jeneza watu watadhani wanazika mwizi. Kwenye simu zao upo mara nyingi, lakini kila mara umeinua kiganja mbele ya uso. Unajua tabia yako. Noeli kiganja, harusi ya Esperance kiganja, kiganja na wajukuu watatu mapajani. "Weye uko na studio yake," akasema. "Tafuta."

Nilitafuta. Nilitoa masanduku yote ya negativu, zile filimu zilizokwisha kusafishwa, miaka na miaka, Papa, nusu ya wilaya hii iko ndani ya yale masanduku. Watu wa ubatizo, watu wa diploma, mapadri, wanajeshi, watoto ambao sasa ni wazazi. Wewe humo. Nilijua ulikuwa unakaa kwenye kiti ili nijifunze kupima mwanga, picha zaidi ya mia nilikupiga, na zote ulizikata kwa mkasi ukatupa, ukasema mazoezi hayawekwi. Niliketi katikati ya zile karatasi nikakasirika nawe kweli. Mtu gani anapiga kila mtu na kujificha mwenyewe?

Ndipo nikakumbuka Nkanka.

Nilikumbuka kwa sababu nilikuona. Kamera ya kioo inafunga jicho pale unapobonyeza, inakupa giza kidogo, na flashi inapiga wewe huoni. Yako haifungi. Kwenye kile kidirisha nilikuwa nimeona mwanga ukifika usoni mwako. Nilikuona unacheka. Na filimu ilikuwa bado ndani ya kamera, haijafika mwisho, picha kumi na tisa zimepigwa.

Kamera ilikuwa kwenye ndoano. Nilirudisha filimu polepole kama ninavyorudisha pumzi. Lakini dawa ya kusafishia filimu, Papa. Ile chupa ya mwisho tuliyochanganya pamoja ilikuwa imekaa miezi, imekuwa na rangi ya chai. Nyingine ingetoka Kigali, ingefika Jumatatu. Nikafanya ulichonifundisha: nilikata ulimi wa filimu, kile kipande cha mwanzo ambacho tayari kimeona jua, nikakitumbukiza ndani ya kikombe cha dawa, kweupe, nikaangalia kama kitageuka cheusi. Dakika moja, hakuna. Dakika mbili, kijivu kama maji ya dagaa. Nikaanza kuomba. Si kwa maneno mazuri. Dakika ya nne kikaanza kuwa cheusi, na ya sita kilikuwa cheusi kabisa. Dawa ilikuwa mgonjwa, lakini hai.

Nikaingiza mikono kwenye mfuko mweusi, nikaizungusha filimu kwenye gurudumu lake kwa vidole tu. Ilinigomea mara mbili. Nikaiacha kwenye dawa, ndani ya tangi lake, karibu mara mbili ya muda wake. Nilikuwa nikigeuza tangi kila dakika, nikihesabu kwa sauti, na katikati nilisahau namba nikaendelea tu. Nilipoitoa na kuisuuza nilikuwa naogopa kuangalia. Nikaiangalia kutoka upande wa mwisho.

Ulikuwepo. Hafifu, kama mtu aliyechorwa kwa moshi, lakini ulikuwepo. Nilielewa baadaye kilichotokea: ulipoinama, mkono wenye flashi uligeuka, ukapiga ule ukuta wa chokaa badala ya kumpiga Veneranda, na mwanga ukarudi kutoka ukutani juu yenu wawili, bila ukali. Na kwa kuwa ulisimama sawa naye, begani kwake, pale nilipokuwa nimekutanisha zile sura mbili kwake, wewe nawe ulikuwa safi. Nilihesabu mikunjo ya jicho lako. Lile lenye ukungu lilikuwa limefumba kwa kicheko.

Niliibandika negativu kwenye kioo cha dirisha na karatasi nyeupe nyuma yake, nikaipiga kwa simu, nikaigeuza, giza likawa mwanga. Nikaituma Bukavu. Ilikaa kwenye alama moja ya tiki kwa saa nzima. Saa nzima nilisimama na simu juu kama mjinga, kwenye kona ya studio palipo na mtandao. Ilipopita, Esperance hakuandika kitu. Alituma sauti. Alikuwa analia na kucheka, na nyuma yake nilisikia shangazi mmoja akiuliza, "Na huyu maman wa maua ni nani?"

Walijaribu kumkata Veneranda. Haikuwezekana, mkono wako uko juu ya kichwa chake. Kwa hiyo, Papa, ulitangulizwa makaburini na kitambaa cha maua cha bibi wa Nkanka kwenye pembe ya fremu. Niliona kwenye simu, dakika chache, picha zikikwama na kurudi. Esperance aliniambia watu wa kwaya wanauliza mpaka leo kama ulikuwa umepata mke huku Rwanda. Amewaacha waulize.

Kwa Veneranda nilikwenda baada ya wiki mbili kumpelekea picha yake mwenyewe, ile ya kumi na nane, ambayo kitambaa kimekaa vizuri. Aliitazama kwa muda mrefu, akaiweka kifuani. Akauliza, "Yule mzee wa taa yuko wapi?" Nikasema, "Alivuka." Akasubiri nimalize sentensi, nami sikuimalizia. Akamwita binti yake alete maziwa, akanikalisha kando yake pale ukutani, tukakaa tu. Hakunishika mkono, hakusema ni mapenzi ya Mungu. Nilikunywa maziwa yote. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile kukaa bila mtu kunitaka nifanye kitu.

Mpaka ulipofunguliwa nilivuka asubuhi ya kwanza, kwenye foleni ya mamas wa sambaza, wengine bado wananijua. Esperance alinipeleka kwako. Udongo ulikuwa umeshaanza kukaa. Akaniacha peke yangu akaenda kuzungumza na mlinzi wa makaburi, alijua. Nilisema ile sentensi niliyokuwa nayo miaka miwili. Nilisema nilijua miezi sita na nikanyamaza, halafu nikasema siku ambayo ulihitaji ninyamaze. Nilisema nisamehe. Niliisema kwa sauti, kwa Kiswahili chetu, na haikunifanya mwepesi kama nilivyotegemea. Nilirudi nimechoka vilevile. Lakini sijaiandaa tena sentensi jioni. Imetoka.

Esperance anataka niende Jumanne. Anataka nimpige na mume wake na batoto wote, kwa filimu, picha moja ya kutundika, kwa sababu hataki siku moja wamtafute kama tulivyokutafuta wewe. Nimekubali. Nimeshapima betri. Aline anakuja kunishikia flashi, ameanza kujua hatua zake ingawa anaita mbili hata pale zilipo tatu.

Na tukishamaliza, nakuahidi hili, nitaiweka kamera juu ya mguu wa chuma, nitampa mume wa Esperance kitufe abonyeze, nami nitakwenda kusimama kati yao na mikono chini. Mimi pia sina picha, Papa. Nilitafuta jana. Hakuna hata moja.

Pumzika. Usinihesabie saa nitakazochelewa. Nakwenda kukausha vitambaa vya lenzi, halafu nyumbani, nilale.

Maman Aline wako,
Kamembe